Mdeni wa Sheria: Habari za Henry Starr, mwizi wa banki aliyeigiza toba yake katika sinema

Sinema za makauboi si kitu kigeni kwetu. Katika miaka ya 1950 zilionyeshwa katika miji mikubwa ya Kongo, na watoto walirudi nyumbani wakitembea sawa wapanda farasi, vidole viwili vikinyoshwa mbele kama bunduki. Kule Léopoldville vijana walijiita Mabill, kwa jina la Buffalo Bill. Padri Jozef de Laet wa shirika la Scheut alijifunza lugha yao na kukaa katikati yao, hata wakamwita Père Buffalo.

Katika sinema zile kuna mtu mmoja anayerudi mara nyingi: mnyang'anyi anayeongoka. Ameua, ameiba, polisi wanamtafuta. Kisha anakutana na mwanamke mwenye imani, ao mtoto yatima, na roho yake inageuka. William S. Hart alijulikana kwa watu wa namna hiyo. Katika sinema ya Hell's Hinges ya mwaka 1916, yeye aliyeitwa ili amfukuze mhubiri anashikwa na imani ya dada wa mhubiri. Mwalimu wa katekisimu anaweza kufurahi. Lakini toba ile inamalizika kwa saa moja, taa zinawashwa, watu wanarudi nyumbani.

Mimi nataka kusimulia habari za sinema ingine, iliyotengenezwa kwa fedha kidogo katika Oklahoma, mwaka 1919. Jina lake ni A Debtor to the Law, ndiyo kusema: Mdeni wa Sheria. Watengenezaji hawakutafuta mwigizaji wa kucheza mwizi aliyetubu. Walimtwaa mwizi mwenyewe, ametoka juzi katika buloko, wakamrudisha katika mji ule ule alimoiba, wakamwomba afanye tena mbele ya kamera yale aliyoyafanya miaka mine nyuma. Tena raia wengi wa mji walikubali kucheza pamoja naye, hata na kijana aliyempiga risasi.

Henry Starr alizaliwa mwaka 1873 karibu na Fort Gibson, katika inchi iliyoitwa wakati ule Inchi ya Wahindi, ambamo Leta ya Marekani ilikuwa imewahamisha Wacherokee na makabila mengine kwa nguvu. Yeye mwenyewe alikuwa na damu ya Kicherokee. Ukoo wa Starr ulijulikana tayari kwa ubaya: Sam Starr, mume wa yule Belle Starr anayetajwa katika hadithi nyingi, alikuwa mtu wa jamaa yake. Tusiseme kwamba damu ilimlazimisha. Tunajua Kanisa linafundisha nini juu ya uhuru wa mtu. Lakini mtoto anayekua katika nyumba ya namna hiyo anajifunza mapema njia za msituni.

Mwaka 1892, akiwa na miaka 19, alimwua Floyd Wilson, polisi aliyetumwa kumkamata. Mwaka uliofuata, mwezi wa sita 1893, yeye na wenzake waliiba banki ya mji wa Bentonville, katika Leta ya Arkansas. Naomba msomaji aliweke jina hilo la Bentonville katika kichwa, kwani litarudi.

Alikamatwa na kupelekwa Fort Smith, mbele ya Isaac Parker, ambaye watu walimwita juji wa kunyonga kwa sababu ya hesabu ya watu aliowahukumu kufa. Parker akamhukumu anyongwe kwa kifo cha Wilson. Mara mbili Tribinali Kuu ya Washington ikavunja hukumu, mwaka 1894 na mwaka 1897, kwa sababu juji hakuwaeleza waamuzi sheria sawasawa. Starr aliishi miaka ile akiona kamba mbele ya macho.

Ndani ya buloko ile lilitokea jambo ambalo sinema yo yote ingependa kulionyesha. Mwezi wa saba mwaka 1895, mfungwa mmoja, Crawford Goldsby, aliyeitwa Cherokee Bill, alipata bunduki ndogo kwa siri, akamwua mlinzi Lawrence Keating. Risasi zikalia, walinzi nje, yeye ndani, hakuna aliyeweza kumkaribia. Starr alimjua mtu yule. Akaomba ruhusa aende kwake. Akaingia mikono mitupu, akasema naye, akatoka na bunduki mkononi. Cherokee Bill alinyongwa mwaka 1896. Starr alikubali kosa la kuua bila kukusudia, akapewa miaka ya kifungo. Na mwaka 1903 Rais Theodore Roosevelt akamsamehe. Starr alipozaa mtoto mwanamume akampa jina: Theodore Roosevelt Starr.

Tusicheke jina lile. Mtu anayempa mwanawe jina la yule aliyemsamehe amefahamu kwamba amepokea kitu asichokistahili. Mimi nasadiki kwamba miaka ile alikuwa mtu wa kweli. Alikaa Tulsa na bibi yake, akafanya kazi, hakuiba. Na miaka mine ni mingi.

Lakini mwaka 1907 Inchi ya Wahindi iliunganishwa na Oklahoma ikawa Leta mpya. Arkansas ikaona njia, ikaomba Starr arudishwe kwao ili ahukumiwe kwa ajili ya banki ya Bentonville. Msamaha wa Roosevelt ulikuwa kwa kesi ya Fort Smith. Deni la Arkansas halikulipwa. Starr aliposikia alikuwa na njia mbili: kwenda Arkansas kujibu, ao kukimbia. Alikimbilia milimani kwa rafiki zake wa zamani. Mwezi wa tatu mwaka 1908 banki ya Tyro, katika Kansas, ikaibiwa. Kisha ile ya Amity, katika Colorado. Alikamatwa Arizona, akatiwa katika buloko ya Cañon City.

Kule, kwa mara ya pili, akawa mfungwa mwema. Alisoma mabuku ya sheria, akaandika buku la maisha yake, lililotolewa mwaka 1914. Walimfungua kwa masharti mwaka 1913, asitoke Colorado. Akatoka. Toka mwezi wa tisa 1914 hata mwezi wa kwanza 1915, katika Oklahoma ziliibiwa banki 14, moja nyuma ya ingine, mchana, kwa utaratibu mmoja. Polisi walimtafuta katika pori na katika mapango. Yeye alikuwa amepanga nyumba katikati ya Tulsa, karibu na nyumba ya shefu wa polisi.

Tarehe 27 mwezi wa tatu 1915, yeye na watu wake waliingia katika mji wa Stroud ili waibe banki mbili kwa wakati mmoja. Jambo lile ndilo lililowaua ndugu za Dalton katika mji wa Coffeyville, Kansas, mwaka 1892. Walizichukua fedha za banki zote mbili. Walipokuwa wakirudi kwa farasi zao, kijana mmoja wa miaka kama 17, Paul Curry, alitwaa bunduki fupi iliyotumiwa kwa kuchinjia nguruwe, akampiga Starr katika paja. Akaanguka. Mwenzake Lewis Estes akakamatwa vilevile. Inasimuliwa kwamba kitu kilichomwuma Starr kuliko risasi ni kuangushwa na mtoto mwenye bunduki ya nguruwe. Nafikiri tunaona hapa mzizi wa ugonjwa wake: hakuona haya kwa wizi, aliona haya kwa kushindwa.

Sasa sikilizeni jambo la ajabu. Siku zile zile, si mbali na Stroud, katika Chandler, mtu mmoja alikuwa anapiga sinema juu ya wanyang'anyi. Alikuwa Bill Tilghman, polisi mzee aliyewafuata wanyang'anyi miaka mingi. Habari za Stroud zilipofika, aliacha kazi ya sinema akaenda kuwafuata wanyang'anyi wa kweli.

Kwa nini polisi alitengeneza sinema? Tufungue mlango huu kidogo, maana unaeleza yote. Mwaka 1908 Tilghman alikuwa ameongoza sinema fupi, The Bank Robbery, iliyopigwa katika mji wa Cache. Kiongozi wa wezi katika sinema ile ni Al Jennings, mwanasheria aliyekuwa mnyang'anyi kwa miezi michache ya mwaka 1897. Watu wa Oklahoma wenyewe walicheka wizi wake. Karibu na Chickasha walisimamisha gari la moshi, wakatega baruti, lakini sanduku la chuma likakataa kufunguka. Wakawanyang'anya wasafiri vitu vyao, wakaenda zao. Aliwekwa katika buloko, akafunguliwa mwaka 1902, na baadaye Roosevelt akamrudishia haki zake za raia. Katika sinema ya 1908 mambo yalikuwa sawa: wezi wanaiba, polisi wanafuata, wezi wanashindwa. Mnyang'anyi wa zamani na polisi wa zamani walicheza pamoja bila chuki, na mtu mwema anaweza kuona hapo mapatano.

Lakini mwaka 1914 Jennings alionekana katika sinema ya pili, Beating Back, iliyotolewa na kampuni ya Thanhouser. Hapo maisha yake yamegeuzwa: yeye ni mtu mwema aliyesukumwa katika ubaya na wabaya wengine, na watu wa sheria ndio wanaoonekana wadogo. Mwaka ule ule aliomba kura za chama chake ili awe gavana wa Oklahoma, akatokea wa tatu. Tilghman alikasirika. Pamoja na wenzake E. D. Nix na Chris Madsen alitengeneza The Passing of the Oklahoma Outlaws, mwaka 1915, ili kuonyesha kwamba wanyang'anyi walikuwa wauaji wenye njaa na uchafu, si mashujaa. Akazunguka na sinema hiyo kwa miaka, akisimama mbele ya kitambaa cheupe na kuwafundisha watu.

Mzee yule alifahamu kitu ambacho Baba Mtakatifu Pio XI aliwaandikia maaskofu wa Marekani mwaka 1936, katika barua Vigilanti cura: kwamba sinema ni shule yenye nguvu kubwa kwa wema na kwa ubaya. Lakini lazima tuseme kweli yote: yeye naye alihitaji wanyang'anyi ili watu walipe kiingilio. Hakuna aliyekuja kuangalia polisi akilala vizuri nyumbani kwake.

Turudi kwa Starr. Alihukumiwa miaka 25 katika buloko ya McAlester. Mara ya tatu akawa mfungwa mwema, na maneno yake yakawa yale yale: vijana wasifuate njia yake, kwani wizi haulipi. Mwezi wa tatu mwaka 1919 wakamfungua. Kampuni moja ya Tulsa ikamwita kwa ajili ya sinema. Naye hakuwa mwigizaji tu, bali alitia sehemu yake katika biashara ile akitumaini faida. Wakaenda Stroud. Banki ile ile, njia ile ile, raia wale wale. Paul Curry, aliyekwisha kuwa mtu mzima, akashika bunduki tena, na Starr akaanguka tena.

Nimefikiri sana juu ya picha ile. Mwana mpotevu aliporudi, baba yake alimvika nguo na pete, akamchinjia ndama. Hakumwomba ashuke tena zizini awaonyeshe wageni namna alivyokula pamoja na nguruwe. Zakayo alisimama mbele ya watu wote, ni kweli, lakini alisimama kwa kuahidi kurudisha mara nne, si kwa kusimulia namna alivyowadanganya. Hata Mtakatifu Augustino, aliyeandika buku zima la maungamo, alipoeleza wizi wa mapera wa utoto wake, aliueleza kwa namna ambayo hakuna msomaji anayetamani kuwa pamoja naye usiku ule chini ya mti. Yeye anasema na Mungu, sisi tunasikia pembeni. Starr alisema na wenye tiketi.

Wandugu mafrateri mnajua kwamba katika Sakramenti ya Kitubio mna majuto, maungamo na malipizi, kisha neno la padri la kuondolea. Starr alikuwa na maungamo mengi: buku moja, sinema moja, maneno mbele ya vijana wa buloko. Juu ya majuto yake, Mungu peke yake anajua. Lakini malipizi? Deni la Stroud, ambalo alilicheza katika sinema, alikuwa amelilipa kwa miaka mine ya kifungo na kwa mguu wake. Deni la Bentonville, ambalo hakulilipa, halikuonyeshwa kwa watu. Aliungama hadharani dhambi yenye sifa; ile yenye hatari aliinyamazia. Na inasimuliwa kwamba watu wa California walipomwita akafanye sinema kwao, alikataa kwa kuogopa kwamba Arkansas ingemdai tena. Hofu ile ile ya mwaka 1907, nyuma ya miaka zaidi ya kumi, ilikuwa ingali hai.

Sinema ilipendwa, lakini yeye alilalamika kwamba hakupewa fedha alizostahili. Ni nani aliyekuwa na haki katika ugomvi ule, siwezi kuamua. Neno lililo wazi ni kwamba alibaki na madeni ya fedha, yeye aliyeitwa mdeni wa sheria.

Mtu atauliza: basi sinema ndiyo iliyomharibu? Nisingesema hivyo, kwa sababu ya Emmett Dalton. Huyu alikuwa mdogo wa wale ndugu waliokufa Coffeyville siku ya tarehe 5 mwezi wa kumi 1892. Yeye peke yake alibaki, na majeraha zaidi ya ishirini mwilini. Alihukumiwa kifungo cha maisha, akakaa miaka 14 katika buloko ya Lansing, gavana wa Kansas akamsamehe mwaka 1907. Naye alijiigiza katika sinema, Beyond the Law, mwaka 1918. Naye aliandika buku. Alijisifu kidogo kama wote. Lakini alimwoa Julia Johnson mwaka 1908, akakaa California akifanya biashara ya kujenga nyumba, hakuiba tena hata alipokufa mwaka 1937. Alirudi Coffeyville, mji ambao raia wake wane waliuawa siku ile, akaweka jiwe juu ya kaburi la ndugu zake, mahali palipokuwa na kipande cha bomba tu. Mbele ya watu wa mji ule hakuwa na deni la kuficha. Walimjua, walikuwa wamemhukumu, naye alimaliza hukumu.

Nasema hayo nikiwafikiri makatekista wetu. Kuna desturi inayoenea: mtu aliyekuwa mwizi, mlevi ao mganga wa uchawi anaongoka, na katika juma chache anasimamishwa mbele ya wakristu asimulie yote. Watu wanapiga vigelegele. Anaitwa katika parokia ya pili, ya tatu, na kila mara habari inakuwa ndefu zaidi, na wizi unakuwa mkubwa zaidi. Je, ni nani aliyemwuliza kama mbuzi za jirani zimerudishwa? Ni nani aliyekwenda naye kwa jirani yule? Siku mialiko itakapokwisha, atakaa na nani jioni, na atakula kitu gani?

Starr alioa tena mwaka 1920. Tarehe 18 mwezi wa pili 1921 aliingia na wenzake katika banki ya Harrison. Hawakufika kwa farasi, walifika kwa motokari. Harrison iko katika Arkansas: kwa miaka mingi aliikimbia Leta ile, akarudi ndani yake kwa miguu yake mwenyewe. W. J. Myers, aliyekuwa zamani mkubwa wa banki ile, alikuwa ndani. Katika chumba cha chuma cha kutunzia fedha mlikuwa na bunduki iliyowekwa tayari kwa siku ya namna hiyo. Akaitwaa akapiga. Risasi ikampata Starr mgongoni. Wenzake wakakimbia na motokari, wakamwacha chini.

Hakufa siku ile. Alilala siku ine akisema na waganga na polisi, akijisifu kwamba ameiba banki nyingi kuliko mtu mwingine ye yote wa Marekani. Na alipoulizwa sababu ya kurudi katika wizi, alijibu kwamba madeni ya fedha yalimlemea na hakuona njia ingine. Alikufa tarehe 22, akiwa na miaka 47. Wakamrudisha Oklahoma, wakamzika katika Dewey.